Kusoma utabiri wa upepo bila kupotea: toka kusi ya Amu mpaka theluji ya Minneapolis

Siku hizi hapa Amu (Lamu) karibu kila mtu anafungua simu kuangalia upepo kabla hajatoka, na hilo ni jambo zuri sana, lakini nimeona wengi wetu tunaangalia namba moja tu. Tunaona 14 tunasema leo kuzuri, twendeni. Hiyo 14 peke yake haijakwambia kitu bado. 14 ya nini, inatoka upande gani, saa ngapi, na mapigo yake yanafika ngapi?

Mimi nililipia hili somo mwaka juzi mwezi wa saba. Tulikuwa watu watano na mashua, tunatoka mlango wa Shela, ule mkondo wa kutokea baharini, kwenda kuvua, saa nane mchana, maji yanapwa, kusi (upepo wa kusini) iko usoni, tunakwenda joshi tukipiga bisha, yaani tunapanda upepo kwa kugeuza upande huu na huu. Simu ilisema 14 na mimi ndo niliyewaambia wenzangu kuko sawa. Tulipofika pale nje ya Ras Kitau pigo moja la upepo likaingia kwenye tanga, mjomba akapiga kelele "tua tanga!" na mimi kamba iko mkononi, ikateleza ikanichuna kiganja chote mpaka leo alama iko, na tanga likachanika toka kwenye dasi, ile kamba ya ukingo wake, mpaka katikati. Boti ya injini ikatuvuta kurudi. Usiku nimekaa barazani mkono umefungwa kitambaa nikafungua tena ile apu, nikaona chini ya ile 14 kuna mstari wa pili, maandishi madogo, unasema 26. Ulikuwepo asubuhi yote na sikuutazama. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyejifunza kwa kiganja, someni polepole.

Hatua ya 1: upepo unatoka wapi

Upepo unaitwa kwa jina la kule unakotoka, na hili sisi tunalijua toka zamani hata kabla ya simu. Kaskazi inatoka kaskazini, kusi inatoka kusini. Matlai inatoka mashariki kule jua linapochomoza, umande unatoka bara alfajiri. Utabiri nao ni hivyo hivyo, ukiandikiwa kusini-mashariki basi unatoka huko na unakwenda kaskazini-magharibi.

Shida inaanzia kwenye mshale. Apu nyingi zinachora mshale unaoonyesha upepo unakoelekea, alafu herufi pembeni zinaonyesha unakotoka, kwa hiyo mtu anaona mshale umeangalia juu anasema hii ni kaskazi, kumbe ni kusi kamili. Ukipata apu mpya ijaribu siku ambayo upepo unaujua, toka nje uuhisi shavuni, alafu rudi utazame mshale wamechora vipi. Mara moja tu inatosha.

Wengine wanaandika kwa nyuzi za dira: 0 au 360 ni kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Kusi yetu utaiona mara nyingi kati ya 150 na 200, kaskazi yetu karibu na 45, manake kwa kweli inatoka kaskazini-mashariki.

Hatua ya 2: namba ni ya kipimo gani

Hapa watu wanaumia kweli. Kuna noti, kuna kilomita kwa saa, kuna mita kwa sekunde, na Wamarekani wana maili kwa saa. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Mita moja kwa sekunde ni karibu noti mbili. Kwa hiyo mtu akiona 12 kwenye simu iliyowekwa mita kwa sekunde akadhani ni noti, anatoka akidhani ni upepo wa kawaida wa tanga na kule nje anakutana na noti 23. Ingia kwenye mipangilio ya apu leo hii uweke noti, usiiguse tena. Ukiwa huna noti, kilomita kwa saa ugawe kwa mbili unapata karibu, mita kwa sekunde uzidishe kwa mbili. Hesabu ya kichwa tu lakini inaokoa.

Hatua ya 3: wastani na gasti (hapa tulia)

Ile namba kubwa ya kwanza ni wastani. Kipimo cha kimataifa ni wastani wa dakika 10, umepimwa mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Ndani ya hizo dakika 10 upepo unashuka na kupanda, na yale mapigo ya ghafla yanayodumu sekunde chache ndo gasti. Kwa hiyo 14 na gasti 26 maana yake muda mwingi utakuwa na 14 alafu sekunde tatu utakuwa na 26, na hizo sekunde tatu ndo zinazopindua chombo.

Alafu kitu ambacho mimi sikukijua: nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi, inapanda kwa kasi mara kasi. Upepo ukitoka 10 ukafika 20, kasi imekuwa mara mbili lakini msukumo kwenye tanga umekuwa mara nne. Ile 14 yetu ilipopiga 26, tanga lilisukumwa zaidi ya mara tatu kuliko dakika iliyopita. Tanga lilikuwa kuukuu pia, sikatai, lakini hata jipya ungeliona linavyolia.

Kanuni yangu sasa: naangalia gasti kwanza, wastani baadaye. Tofauti yao ikiwa ndogo, tuseme 15 na 19, huo ni upepo laini wa kutulia, hata ukiwa na nguvu utauzoea. Tofauti ikiwa kubwa ujue kuna mawingu ya mvua yanapita au upepo unavunjika juu ya nchi kavu. Vyombo vidogo tunakaa.

Hatua ya 4: linganisha na macho yako

Mwaka 1805 ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alianza kupanga upepo kwa madaraja, leo yako toka 0 mpaka 12, na utabiri wa bahari bado unayatumia. Uzuri wake unayasoma kwa jicho tu bila mashine.

Daraja la 4 ni noti 11 mpaka 16: vichwa vyeupe vya povu vinaonekana mara kwa mara, na huku mjini vumbi na karatasi zinaruka. Daraja la 5, noti 17 mpaka 21, povu liko kila upande na maji yanaanza kurushwa. La 6 ni 22 mpaka 27, mawimbi makubwa yanaanza, nyaya za umeme zinapiga mluzi na mwavuli haushikiki. Ukifika la 7, noti 28 mpaka 33, povu linachanwa na kulazwa juu ya maji kama nyuzi kufuata upepo. Daraja la 8 linaanzia noti 34, na la 12 linaanzia 64.

Kwa mashua ya tanga isiyo na injini mimi nasema 6 ni mwisho hata kwa nahodha mzuri, na kama una abiria, watoto na wazee, mwisho ni 5. Najua kuna watakaobisha. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya mara nyingi inapotoa tahadhari ya upepo mkali pwani inataja upepo unaozidi noti 25, ambayo tayari iko juu kwenye daraja la 6, kwa hiyo usisubiri tahadhari itoke ndo uanze kufikiri.

Hatua ya 5: wimbi na maji

Utabiri ukisema wimbi mita 2 usidhani kila wimbi ni mita 2. Hiyo ni wastani wa yale makubwa tu, theluthi ya juu ya mawimbi yote. Madogo ni mengi, lakini ukikaa nje muda mrefu utakutana na moja linalokaribia mara mbili yake, yaani karibu mita 4. Hilo halijakosea njia, limo ndani ya utabiri.

Alafu tazama muda kati ya wimbi na wimbi, unaandikwa kwa sekunde. Mita 2 kwa sekunde 12 ni wimbi refu, linakupandisha na kukushusha taratibu kama mtoto kwenye pembea. Mita 2 kwa sekunde 6 ni ukuta baada ya ukuta. Namba ya mita ni ile ile, siku mbili tofauti kabisa.

Na kuna kitu ambacho apu haikwambii hata uilipie: upepo ukipingana na maji. Mlango wa Shela umefunguka kuelekea kusini-mashariki. Maji yakipwa yanatoka nje kuelekea huko huko, na kusi inaingia kutoka huko huko, vinakutana uso kwa uso, mawimbi yanasimama na kukaribiana, yanakuwa mafupi yenye ncha. Maji yakijaa na kusi ni ile ile, mahali pale pale panalala. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ni mbaya zaidi manake maji yanakimbia, maji mafu, yale madogo, kuna nafuu. Kwa hiyo usisome upepo bila jedwali la maji kupwa na kujaa pembeni, viweke pamoja. Siku yetu ile tulitoka maji yanapwa, kusi ya mchana iko usoni. Yaani tulikusanya vyote viwili.

Hatua ya 6: msimu na saa ya siku

Kaskazi inashika toka karibu Disemba mpaka Machi, kusi toka Aprili mpaka Septemba hivi, na kusi inakuwa kali zaidi mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Sababu ni kubwa: bara la Asia likipata joto linavuta hewa kutoka huku kusini, ikivuka ikweta inakimbia kufuata pwani yetu kuelekea Somalia na Bahari ya Arabuni. Wakati huo ndo kipupwe, na wazee wetu hawakuwa wakihitaji simu kuwaambia bahari ya nje haiendeki. Katikati ya misimu ni tanga mbili, na upepo wa maleleji usio na upande. Kipindi hicho utabiri wa siku saba mimi siuamini kabisa, ninaangalia wa kesho tu.

Ndani ya siku pia kuna mzunguko. Alfajiri umande unatoka bara, mchana ardhi ikipata joto upepo unavutwa kutoka baharini unajiongeza juu ya kusi au kaskazi, kwa hiyo saa nane mpaka saa kumi mara nyingi ndo kali zaidi. Apu zinakadiria hewa kwa miraba ya kilomita kadhaa na mlango wetu ni mwembamba, mambo madogo kama umande yanawapita. Hapo mvuvi wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, anajua kuliko kompyuta.

Neno moja kuhusu kimbunga, manake watu wakisikia wanaogopa. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kujizungusha, na karibu na ikweta msaada huo ni mdogo sana. Sisi tuko kama nyuzi 2 kusini, ndo maana vinatupita mbali. Lakini kimbunga Hidaya kilifika Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, na pwani ya Kenya nayo ikapewa tahadhari ya upepo na mawimbi. Kwa hiyo kisipofika kwako, mawimbi yake yanaweza kufika.

Hatua ya 7: saa na ilani

Ramani nyingi za hali ya hewa zinatumia saa ya dunia, zinaandika herufi Z mwisho. Ongeza masaa matatu upate saa yetu. 06Z ni saa tatu asubuhi, 12Z ni saa tisa alasiri. Ukikosea hapo unaweza kutoka ukidhani upepo umeshapita kumbe ndo unakuja.

Ilani rasmi isome yote, usisome kichwa tu na kusambaza kwenye magrupu. Tafuta vitu vinne: eneo gani, kuanzia lini mpaka lini, nguvu kiasi gani, na uwezekano wa kutokea. Ilani ya juzi ikisambazwa leo inatisha watu bure, na kesho yenyewe ya kweli ikija hakuna anayesikiza.

Na kwa wenye ndugu kwenye baridi

Sasa mbona nizungumzie theluji na mimi niko Amu? Mdogo wangu wa kike alihamia Minneapolis, na msimu wake wa kwanza wa baridi alinipigia baada ya Maghrib huku kwetu, kwake ni asubuhi, nyuma ya sauti yake nasikia simu nyingine inalia ilani. "Kaka, wochi na woningi ipi mbaya? Niende kazini nisiende?" Nikaenda kusoma usiku ule. Najua nyumba nyingi hapa zina mtu kule, kwa hiyo mkamatishe haya.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina ngazi tatu za kujua, nayaandika kama yanavyotamkwa. Wochi maana yake viungo vyote vya dhoruba vipo lakini haijawa hakika, kawaida inatoka siku moja au mbili kabla. Ni kama kuona wingu jeusi limesimama juu ya kisiwa cha Manda: unafunga chombo vizuri, unanunua chakula, unajaza mafuta. Woningi maana yake imefika au iko mlangoni na ni hatari kwa roho, usitoke. Advaizari iko chini ya woningi, itasumbua na barabara zitateleza lakini ukienda kwa uangalifu utafika. Jibu la dada yangu basi: woningi ndo mbaya. Uingereza wao wanatumia rangi, njano, kahawia-machungwa, alafu nyekundu ndo kubwa kuliko zote.

Blizadi, watu wanadhani ni theluji nyingi. Marekani kipimo chake ni upepo na macho: upepo au gasti za maili 35 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperushwa mpaka huoni zaidi ya robo maili, kama mita 400, kwa masaa matatu au zaidi. Inaweza kuwa theluji mpya haianguki hata kidogo, upepo unaiokota ile ya jana kutoka chini. Maili 35 ni noti 30, daraja la 7 la Beaufort, upepo ule ule unaolaza povu huku kwetu, kule unabeba barafu.

Windi-chili ni baridi unayoihisi mwilini upepo ukivuma. Mwili unatengeneza kijikoti chembamba cha hewa ya joto juu ya ngozi, upepo unakivua. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzi 20 chini. Kule kwao wanatumia Farenhaiti, sifuri yao ni kama 18 chini ya sifuri yetu, na ikiwa sifuri hiyo na upepo maili 15 kwa saa, ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Masikio, pua, vidole. Maji kwenye bomba hayahisi windi-chili, yanafuata joto halisi la hewa, ni ngozi yetu ndo inaumia. Toka Oktoba 2024 wochi na woningi za windi-chili zimebadilishwa majina zinaitwa za baridi kali, kwa hiyo asilitafute jina la zamani.

Kuna mvua inayoanguka ikiwa maji ikafika chini ikaganda hapo hapo juu ya barabara na nyaya, inaonekana kama mvua ya kawaida ya vuli na kwangu mimi ndo inayotisha kuliko zote, manake haina sura ya hatari. Tofautisha na punje za barafu zilizoganda tayari hewani, zile zinaruka zikigonga kioo, unazisikia. Na barafu nyeusi ni utando mwembamba usio na rangi, unaona lami tu. Mwambie ndugu yako atembee kama anayetembea kwenye mwani maji yakipwa, hatua fupi, mguu mzima chini.

Na moja nimeipenda: pwani ya mashariki ya Marekani wana dhoruba wanaiita noristaa, jina limetokana na upepo wake unaotoka kaskazini-mashariki. Yaani ni kaskazi yao. Huku inaleta joto na ilikuwa ikileta majahazi ya Uarabuni, kule inaleta theluji na mafuriko ya bahari.

Nifanyavyo kila siku

Usiku kabla ya kulala naangalia gasti, upande, wimbi na sekunde zake, alafu saa za maji. Alfajiri nikitoka msikitini naangalia tena, na napita gatini nione maji kwa macho na kumuuliza mtu aliyerudi usiku. Apu mbili, sio moja. Zikikubaliana sawa, zikitofautiana sana nachukua ile mbaya. Alafu nina daftari la shule, naandika utabiri ulisema nini na jioni naandika kilichotokea, na baada ya miezi michache nimejua apu yangu moja inapunguza kusi ya mchana kwa noti 4 au 5 karibu kila siku, jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Ya leo inasomeka hivi: kusi 16, gasti 21, wimbi mita 1.8 sekunde 8, maji kujaa saa tano. Mjomba kasema tutoke saa nne, tupite mlangoni maji bado yanaingia.